Kidumu cha Maziwa ya Wakwe

Ninyi vijana mnaopiga picha chai kabla ya kuinywa, hebu wekeni simu chini kidogo. Chai inapoa, na mimi kwa mgongo huu siwezi kukaa wima muda mrefu. Nimechemsha chai Tunduma tangu enzi ambazo sukari ilitafutwa kama dawa, hadi enzi ambazo mteja anaulizia chai isiyo na sukari na kulipa zaidi kwa kunyimwa. Kuhusu siasa na mapenzi msinisikilize, nimekosea mara nyingi. Kuhusu chai, nisikilizeni.

Kwanza mjue kwamba mnaongea na msaliti. Mimi ni Mnyiha wa Hasamba, na kwetu mtoto aliijua mibuni kabla hajawajua shangazi zake. Nilipomwambia baba kwamba nakwenda Tunduma kujifunza kazi ya chai, aliweka jembe chini. "Watu wa Ulaya wanaisubiri kahawa yetu," akasema, "halafu wewe unakwenda kuchemsha majani ya Tukuyu?" Nikamwuliza yeye mwenyewe mara ya mwisho kunywa kahawa ilikuwa lini. Akafikiri sana. Kahawa yote tulikuwa tunaipeleka kwenye chama cha ushirika, na asubuhi nyumba nzima tulikunywa chai. Alimwita mama, akamwambia amletee kikombe.

Aliyenipokea Tunduma ni Bibi Nambeye, mama wa Kinamwanga aliyekuwa na kibanda cha chai karibu na mpaka. Nusu ya ndugu zake walikuwa upande huu na nusu walikuwa Nakonde, upande wa Zambia, kwa hiyo mpaka wenyewe hakuutilia maanani sana. Aliuvuka kwenda kuazima chumvi. Alisikia habari za kahawa ya baba, akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo akaniita Mwana wa Kahawa. Jina hilo limenigandia. Hata mchungaji hulitumia anaposahau la ubatizo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na vitu vilikuwa adimu. Majani yakipatikana, sukari hakuna. Sukari ikipenya kutoka ng'ambo, majani yamekwisha. Wateja walikuja na pipi mfukoni, wanaweka moja shavuni na kupitisha chai juu yake. Majani yakikosekana kabisa, tulichemsha mchaichai. Bibi Nambeye aliuza, lakini hakuruhusu mtu yeyote aiite chai. "Hii ni maji yaliyopita karibu na bustani," alikuwa akisema, huku anamimina na kupokea malipo bila haya.

Baadaye ikaja ruksa ya biashara huria. Ghafla kila kitu kikawepo, na malori yakaanza kupanga foleni kuelekea Zambia na Kongo. Dereva aliyekwama kwenye foleni hana kazi nyingine zaidi ya kunywa chai na kusema uongo, na sisi tulimhudumia kwa vyote viwili. Hapo ndipo kibanda kilipogeuka kuwa mgahawa, na mimi niliyekuwa naosha vikombe nikaanza kuaminiwa sufuria.

Nisikilizeni hapa kwa makini, maana wengi wenu mnaharibu. Siku ya kwanza niliyoachiwa chai ya maziwa, niliona nionyeshe ufundi. Nikamimina maziwa mabichi, nikatwanga tangawizi mbichi nyingi, nikaitumbukiza humo humo, nikawasha moto. Dereva mmoja wa Dar aliyeitwa Mzee Salumu alikuwa wa kwanza kuletewa kikombe. Akakiangalia, akakitikisa, akaniuliza kwa upole, "Kijana, hii ninywe au nitafune?" Maziwa yalikuwa yamekatika, mabonge juu na maji ya kijani chini. Tangawizi mbichi hukata maziwa, mjue. Ichemsheni kwanza kwenye maji mpaka ukali wake utulie, ndipo majani yaingie, ndipo maziwa. Sukari iwe ya mwisho. Na majani yasichemshwe kama maharage, yakishatoa rangi yaepueni.

Mimi nilitaka kuichuja ile chai haraka na kuongeza rangi. Bibi Nambeye akaninyang'anya kitambaa, akanyanyua sufuria nzima kwa mikono yake miwili, akatoka nayo mbele ya wateja wote, akaimwaga barabarani. Na shida ya sukari tulikuwa hatujaisahau! Madereva waliguna kama wanaoshuhudia msiba. Akarudi, akaniambia, "Chai ikiharibika, unaimwaga mbele ya mteja. Ukiimwaga nyuma ya nyumba, atajiuliza ipi unaimwaga na ipi unampa." Hiyo ikawa kanuni yetu. Mzee Salumu alisubiri sufuria ya pili, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakunywa chai kwingine Tunduma.

Huyo huyo Mzee Salumu ndiye aliyetuletea historia. Yeye alijua kila kitu, hata mambo ambayo hayajatokea. Akatueleza kwamba chai ilianzia China, zamani za kale, mfalme mmoja alikuwa amechemshiwa maji ya kunywa nje, upepo ukavuma, majani ya mti yakaangukia ndani, mfalme akaonja, akapenda. Bibi Nambeye akasema, "Ina maana huyo mfalme hakuwa na mfuniko?" Mzee Salumu akakoroga chai yake upya. "Basi," bibi akasema, "dunia nzima inakunywa chai kwa sababu ya uzembe wa mpishi mmoja. Mwana wa Kahawa, una matumaini." Toka China ikasambaa, Waingereza wakaizoea mpaka wakaipanda India, na kwetu wanasema ni Wajerumani walioanza kuijaribu kule Rungwe, kwenye mvua isiyojua kupumzika. Mimi nilifika huko mara moja, nikaona milima yote imevaa kijani, nikamkumbuka baba na mibuni yake, nikajihisi nimekaa kwenye meza ya adui na ninashiba.

Huko ndiko nilikojua jambo ambalo ninyi wenye mtandao kila siku hamlijui. Chai nyeusi, chai ya kijani na ile nyeupe wanayouza ghali ni mti mmoja. Majani ni yale yale. Yakiachwa yanyauke, yasagwe na kukaa hewani mpaka yageuke rangi, unapata nyeusi. Yakipashwa moto mapema yasigeuke, yanabaki kijani. Nyeupe ni vichipukizi vichanga vilivyokaushwa tu. Yale mazuri marefu husafiri kwenda nje, na lile vumbi linalobaki kwenye chekecheo ndilo linalotia rangi haraka, ndilo tulilolelewa nalo. Msilidharau. Vumbi limewaamsha madereva wengi waliobeba mizigo ya nchi tatu.

Kuna mwaka alikuja kijana mmoja mwenye tai, jasho linamtoka, na boksi la chai ya kijani. Akaweka mezani kwangu, akaanza: inapunguza tumbo, inashusha presha, inaondoa sukari, inasafisha damu, inarudisha ujana. Nikamwuliza, "Na umaskini?" Akasema, "Unaisha kabisa, mzee." Nikamwuliza, "Wa mnywaji au wa muuzaji?" Kijana alikuwa muungwana, akacheka, akalegeza tai, akaomba chai ya maziwa na vitumbua. Alikunywa vikombe viwili vyenye sukari ya kusimamisha kijiko, boksi lake la kupunguza tumbo likiwa pembeni linamtazama.

Si kwamba chai haina faida. Inachangamsha, inaondoa usingizi, na ukiinywa bila mzigo wa sukari haina ubaya kwa mwili wako. Tangawizi inaufaa tumbo linalochafuka, na kifua cha mtu anayetoka kwenye baridi ya milimani Ibaba kinaishukuru. Lakini haitibu malaria, na anayekuambia hivyo anataka pesa yako. Pia usiinywe pamoja na chakula kama una upungufu wa damu. Mke wangu alipokuwa mjamzito, nesi wa kliniki alimwambia aache chai wakati wa kula, asubiri kama saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Akarudi nyumbani kuniambia mimi, mpika chai wa Tunduma, kwamba mezani kwangu chai ni marufuku. Nilinuna siku nzima. Halafu akajifungua salama mtoto mwenye afya, wa kike, tukamwita Fainesi, nikasamehe kila mtu.

Bibi Nambeye aliwahi kumwona Fainesi anatambaa chini ya meza za wateja. Alifariki kabla simu za mkononi hazijafika Tunduma. Nilimlilia kwa sauti, mtu mzima, na sikujali nani ananiona. Msibani nilisema chai naipika mimi, asiniguse mtu, na kwa wingi wa machozi nikachemsha sufuria ya kwanza bila majani. Wakwe zake kutoka Nakonde walikuwa wamekwisha shika vikombe, wamesema "natotela" zao za shukrani. Nikaimwaga mbele yao wote. Nilijua ananiangalia.

Fainesi nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kuonja maji kabla ya kuchemsha. Kupima maziwa, hasa yaliyosafiri: chota kijiko, kichemshe peke yake kwenye kisufuria, yakikatika usidanganywe na weupe wake. Na ile kanuni ya kumwaga nilimwimbia tangu anaota meno. Alikuwa mtiifu mno. Kuna siku alimwaga sufuria mbele ya mabwana wa forodha kwa sababu tu ilinuka moshi, na mabwana hao walikuwa na haraka. Nilijivuna wiki nzima. Kumbe nilikuwa natengeneza kamba ya kujinyongea.

Maana alikuja Luhende. Kijana wa Kisukuma, familia yao walihamia bondeni Momba na ng'ombe wao, naye alikuwa akija Tunduma kwa biashara ya mifugo. Siku ya kwanza aliagiza chai, akaangalia kikombe, akasema kwa heshima zote, "Baba, naomba ile isiyo na maji." Nikamwambia hicho anachotaka ni uji wa ndama. Fainesi akachukua kisufuria, akamchemshia majani kwenye maziwa matupu, akamletea. Wiki iliyofuata kijana akarudi, na nyingine tena, na sijawahi kuona ng'ombe wanaohitaji kuuzwa mara kwa mara namna hiyo. Nikaanza kugundua kwamba maziwa mazito yanaisha, na wateja wengine wanapata mepesi ya chini. Nilikuwa mzee wa kazi, nikajua hapa kuna kitu kinachemka bila moto wangu.

Nilimpenda kijana yule. Shida ilikuwa dada yangu mkubwa, Esnati. Kwetu shangazi wa binti ana neno zito siku ya posa, na Esnati uzito alikuwa nao hata siku za kawaida. "Watu wanaofuata nyasi," akasema. "Leo wako Momba, kesho Katavi. Mtoto wetu tukimtamani tutamtafuta kwa kufuata kwato?" Nikamwambia wamejenga, wanalima, wana kanisa, wamekaa miaka. Akasema, "Sawa, waje. Lakini siku hiyo nikiona dalili mbaya hata moja, mimi nasema hapana, na wewe utakaa kimya." Fainesi alikuwa mlangoni, akasikia. Usiku wa kuamkia siku ya posa mama yake aliniambia mtoto hajala. Mimi nami sikula.

Wageni walitarajiwa nyumbani kwetu Hasamba asubuhi. Tukangoja. Jua likapanda, likakaa juu ya bati, Esnati akawa anaangalia njia kwa furaha ambayo hakuificha vizuri. Walifika mchana umeshaiva, kwa pikipiki, wamejaa vumbi. Mnyororo wa pikipiki moja ulikatika kwenye kupandisha mlima na wakakaa juani wakitafuta fundi. Nyuma ya pikipiki hiyo alikuwa amekaa mama mzazi wa Luhende, na mapajani amekumbatia kidumu cha njano cha lita tano.

Mshenga wao alikipokea, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mzee," akasema, "mama huyu amekamua alfajiri kwa mkono wake mwenyewe. Amesema leo chai ya watoto hawa inywewe kwa maziwa ya nyumbani kwake."

Nikakishika. Kilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa, na kifuniko kimevimba. Enyi wajukuu, mikono hii imeshika maziwa tangu kabla ya wazazi wenu kujuana. Sikuhitaji kufungua. Fainesi akaja akapiga magoti, akakipokea, na tulipoangaliana niliona kwamba naye amejua. Kisha akanyanyuka, akaingia jikoni, na mimi nikabaki kwenye kiti cha heshima, katikati ya mshenga na dada yangu, siwezi kufanya lolote.

Hebu tazameni jinsi nilivyobanwa. Nikisema maziwa yenu yameharibika, nimemwaibisha mama mtu mbele ya ukoo mzima, na hao ni watu ambao maziwa ndiyo heshima yao. Yakitiwa kwenye chai, yatakatika, na maziwa yaliyokatika siku ya posa kwa Esnati si ajali, ni barua kutoka mbinguni. Na la tatu ndilo lililonitoa jasho. Binti yangu alikuwa mtiifu. Kanuni aliijua. Muda wowote angetoka na kile kidumu, angekimwaga uani mbele ya wageni, kwa ukweli na uaminifu wote niliomfundisha, na maisha yake yangemwagika pamoja nacho.

Nikajaribu kunyanyuka. Nikasema naona kama moto jikoni hauwaki vizuri. Esnati akaniwekea mkono gotini. "Kaa. Leo wewe ni baba wa binti, si mpishi."

Nikakaa. Lakini masikio hayakukaa. Nilisikia kifuniko kinatoa pumzi. Nikasikia kijiko kinagusa kisufuria kidogo, nikajua anapima. Kisha kijiko kikawekwa chini taratibu, na hapo nikajua yamekatika. Mshenga alikuwa ananiuliza kuhusu bei ya kahawa na mimi nikamjibu kwamba mvua ilikuwa nzuri. Moyoni nilikuwa naomba ombi ambalo hakuna baba wa maana anayeliomba. Nilimwomba Mungu mtoto wangu asinitii.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka na sinia. Hakikuonekana kidumu. Akapiga magoti, akapitisha vikombe kuanzia kwa mama wa Luhende, na nilipopata changu nikaangalia ndani. Chai ya rangi. Nyekundu, safi, unaona mpaka chini.

"Maziwa yako wapi?" Esnati akauliza, na sauti yake ilisikika hadi kwa majirani. "Watu wametoka Momba na maziwa, wewe unawapa chai kavu?"

Hakuna aliyegusa kikombe. Mama wa Luhende alikuwa ameinamisha uso, anaangalia mikono yake. Luhende akawa wa kijivu. Na Fainesi, bado amepiga magoti, akasema kwa sauti ile ile anayoagizia majani:

"Shikamooni wazazi wangu. Maziwa ya mama nimeyapokea na yako mahali pazuri. Chai hii ndiyo ya kwetu huku, tunayokunywa wenyewe nyumbani. Nimeona leo muionje ilivyo, bila kuchanganywa na kitu. Na maziwa nimeyaacha yagande, ili sisi wa nyumba hii tuyale na ugali, tuonje ya kwenu yalivyo. Mama atanisamehe kama nimekosea."

Nikiwa mzee wa kanuni, nilichambua maneno yale pale pale kutafuta uongo. Hayakuwa nao hata mmoja. Maziwa yalikuwa mahali pazuri. Na yalikuwa yanaganda, hilo hata Esnati asingeweza kulizuia.

Mama wa Luhende akainua uso. Akamwangalia binti. Kisha akachukua kikombe, akanywa wa kwanza, uso ukamkunjamana, akameza. "Ina ukali," akasema.

"Ni tangawizi, mama."

"Ni tamu. Lakini ina ukali."

"Imemfuata shangazi yake," nikasema. Ilinitoka tu, kwa ahueni. Mshenga akacheka kwanza, akafuata Luhende, na kicheko kikazunguka uani mpaka kikamfikia Esnati mwenyewe, ambaye alijitahidi kukikataa lakini mabega yakamsaliti. Akanywa chai yake. Akaitafuta dalili kwenye kikombe, akaikosa. Alipoulizwa neno lake kama shangazi, alisema, "Mimi sina neno. Ila waongeze sukari."

Wakati wa kuondoka, niliwasindikiza hadi kwenye pikipiki. Mama wa Luhende akabaki nyuma kidogo, akaniita, "Mzazi mwenzangu." Nikasogea. "Maziwa yale yaliharibika njiani," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisikia harufu pale tulipokatikiwa mnyororo. Nilitaka kuyamwaga, nikaona aibu kufika mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa nasali, na nilipoona sinia linakuja nikafumba macho. Mtoto wako amenisitiri." Macho yake yalikuwa yamejaa, na yangu nayo. Nikamwambia tutamrudishia kidumu chake kesho, kuna kijana wa pikipiki anakwenda upande huo.

"Msikirudishe," akasema. "Atakuja nacho mwenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kidumu kile kilikaa jikoni kwetu hadi siku ya harusi, kikaenda Momba kimefungwa juu ya masanduku ya bibi harusi, kimejazwa majani ya chai ya Rungwe, kwa sababu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Nasikia huko sasa wanakunywa chai yenye maji kidogo. Kidogo sana, lakini ni mwanzo.

Ila nirudi jioni ile ile, wageni walipokwisha kuondoka. Niliingia jikoni. Fainesi alikuwa anaosha vikombe. Nikakifungua kidumu, nikanusa, nikakifunga haraka. Nikakaa kwenye kigoda kama mwalimu wa mtihani, maana furaha ikinizidi huwa najifanya mkali.

"Kanuni ya Bibi Nambeye inasemaje?" nikamwuliza.

"Chai au maziwa yakiharibika, unamwaga mbele ya mteja."

"Mbona leo hukumwaga?"

Akasuuza kikombe cha mama wa Luhende, akakipindua juu ya kitambaa, akachukua kingine.

"Baba," akasema, "wale si wateja."